Ndege Inayopinda kwa Teodora

Buswelu, Mwanza
21 Mei 1995

Shemeji Venant,

Basi kama nilivyokuwa nakwambia pale stendi kabla yule kondakta hajakusukumia ndani ya basi kama gunia la pamba, ile ndege ikafika katikati ya uwanja, injini inalia, watu wamejaa, halafu ikageuka. Haikupinda kidogo, shemeji. Iligeuka kama ng'ombe aliyeona maji. Ikatoka kwenye malisho ya mzee Nkwabi, ikapita kwenye viazi, ikaingia uani kwa Teodora. Kamba ya nguo yote ikaenda nayo. Kaka yako Antoni akashuka na kitenge cha Teodora kimening'inia kwenye bawa kama bendera.

Umeona sasa nilichokuwa nataka kumalizia? Na wewe ukapanda basi.

Najua hutaki habari za hiyo ndege. Tangu mlivyogombana kwenye msiba wa shangazi yenu, ukamwambia mbele ya wazee kwamba amejitengenezea kifo cha magurudumu, na yeye akasema usiitaje tena ndege yake, humu ndani jina lako halitajwi. Mimi nalitaja jikoni, tena kwa sauti ya chini. Lakini nani mwingine nimwulize? Wewe ndiye unayetengeneza ndege za watalii huko Arusha. Huku mtu akisikia habari ya ndege anasema ni mapepo, au anacheka.

Na kucheka ndiko kumenifanya nishike kalamu. Maana haikwenda kwa Teodora mara moja. Mara ya pili pia. Juzi mara ya tatu! Uwanja ni mpana, una kushoto na kulia, kulia kuna vichaka tu, lakini ndege ya Antoni kila ikikimbia inapinda kushoto, na kushoto anakaa nani? Mjane, mweupe, anauza togwa. Sasa kijiweni wanamwambia, "Antoni, ndege imekusaidia kusema." Nimemfuata mwenyewe Teodora nimtazame usoni. Ananiambia, "Mama Rebeka, mwambie mumeo akitaka togwa aje kwa miguu." Nikacheka. Nimerudi nyumbani nikanuna siku nzima, kisha nikacheka tena.

Lakini kaka yako hacheki. Tangu wampunguze kazi pale uwanja wa ndege, alikokuwa fundi wa magari ya mizigo, hii ndege ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi. Unajua alivyoanza, na michoro aliyoachiwa na yule padri na ile injini ya Volkswagen kobe. Mabawa ameyavalisha kitambaa cha bafta, breki kafunga za pikipiki. Mikono yake mwenyewe, shemeji. Sasa hali zaidi ya matonge mawili, haendi kijiweni, na watu wakipita barabarani anaingia ndani.

Mimi nataka kitu kimoja tu: iende moja kwa moja. Akiinyoosha atarudisha uso wake. Niambie la kumwambia, nitajua nitakavyolisema. Nijibu kwa sanduku la posta la parokia, si la kwetu. Hajui kama nakuandikia. Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani, usinicheke.

Ni mimi shemeji yako,
Wilhelmina


Arusha
3 Juni 1995

Shikamoo shemeji,

Nimepata barua. Nimecheka hapo kwenye kitenge, nisikufiche, hata bosi akauliza kuna nini.

Mwambie aangalie tairi dogo la mkiani. Lina springi mbili, moja kila upande. Moja ikilegea, ndege inavutwa upande mmoja. Akaze zilingane. Asikimbie tena mpaka amekaza.

Kaka anakohoa bado? Na Rebeka kule Mkolani, mtoto ameanza kutembea?

Wako,
Venant


Buswelu
15 Juni 1995

Shemeji yangu,

Marahaba. Mtoto wa Rebeka anatembea, anaanguka, anatembea. Kikohozi kimepoa. Sasa tuje kwenye habari.

Ile ya springi nimemwambia. Nilimwambia wakati ananawa mikono, nikasema, "Baba Rebeka, jana sokoni kwenye dagaa zangu nimesikia wanaume wawili wa uwanja wa ndege wanaongea eti tairi la mkiani likilegea springi ndege inapinda." Akanitazama. Akasema, "Wanaume gani hao wanaosimama kwenye dagaa wanaongea springi?" Nikasema walikuwa wananunua. Akasema, "Kilo ngapi?" Shemeji, yule mtu ana maswali! Lakini jioni nikamwona kainama mkiani na spana. Kakaza. Juzi kakimbiza.

Kwa Teodora.

Safari hii alikuwa ameshaanua nguo, amekaa mlangoni na kata ya togwa, anasubiri kama mtu anayengoja mgeni. Watu wakapiga makofi.

Sasa sikiliza, maana hapa pana kitu. Ndege iliposimama, mzee Nkwabi akashika gurudumu la kushoto aisukume, akaruka! Limemuunguza kiganja. La kulia likawa la baridi kabisa. Kaka yako akalifungua palepale. Hakuna kitu. Akaileta nyumbani, akaiinua juu ya mawe uani magurudumu yasiguse chini, akaingia akakaa kwenye kiti, akawa anakanyaga zile pedeli. Mimi naambiwa nizungushe gurudumu kwa mkono. Nazungusha la kushoto, linazunguka laini. La kulia, laini. Akisema "nakanyaga breki," linasimama. Akiachia, linazunguka. Anasukuma pedeli, mkia unakwenda kushoto, unakwenda kulia, kama mkia wa sangara. Hakuna kosa! Ile breki ya kushoto kaifungua mpaka nati zimeanza kuchoka. Uani ndege ni malaika, uwanjani ni shetani. Mimi sijasoma lakini hilo limenikosesha usingizi, nataka kujua. Kitu gani kinaharibika njiani kutoka uani kwangu mpaka kwenye malisho? Si hata mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Halafu kaja na jambo. Juzi walipomcheka, akasimama juu ya gurudumu akawatangazia kwamba siku ya Nane Nane ataiinua ile ndege kutoka ardhini mbele ya kila mtu. Kainyooshea kidole. Sasa nimekuwa na hofu mbili. Ya kwanza kuchekwa. Ya pili, je, ikipinda wakati imeshaanza kuinuka? Itakwenda kwa nani hapo?

Fikiri vizuri, shemeji. Jibu upesi.

Wilhelmina, mama Rebeka


Arusha
27 Juni 1995

Shikamoo shemeji,

Huku mvua imekata, vumbi ni jingi, watalii wamejaa. Kazi zimekuwa nyingi sana.

Kuhusu ndege. Mwambie apime zile waya mbili zinazokwenda kwenye usukani wa mkia, zilingane urefu. Tena apime upepo wa matairi. Tairi moja likiwa na upepo mdogo linavuta. Mambo haya huchukua muda, asiharakishe. Bora aache kwanza hiyo Nane Nane, aendelee na kupima polepole. Hata mwaka mmoja si mwingi kwa ndege ya kutengeneza nyumbani.

Msalimie Rebeka.

Wako,
Venant


Buswelu
6 Julai 1995

Venant,

Leo sikuiti shemeji, nitakuita ukishaniambia ukweli.

Waya kapima, zinalingana. Matairi kajaza upepo. Imekwenda kwa Teodora kama ina kiapo naye.

Lakini sikiliza. Mimi kazi yangu unaijua. Miaka yote nimekaa pale sokoni na kapu la dagaa, habari zote za Buswelu zinapita kwangu kabla hazijafika kanisani. Nikimpa mtu habari motomoto, namtazama anaishika wapi. Mtu wa kawaida anaishika penye utamu. Ukimwambia, "Fulani kakimbia na mke wa fulani, tena alivaa shati jekundu," anauliza mke gani. Sasa yule anayeuliza habari ya shati, huyo namwekea alama. Huyo anayajua yote, na anaogopa nisijue kwamba anajua.

Mimi nimekwambia gurudumu la kushoto limemuunguza mzee Nkwabi kiganja. La kushoto tu! Wewe ni fundi. Wewe unanijibu mkia, unanijibu waya, unanijibu upepo, unanijibu vumbi la Arusha. Gurudumu hukuligusa hata kwa neno moja. Umeuliza habari ya shati.

Unajua. Unajua tangu barua ile. Kwa nini unanificha?

Nilimpikia kaka yako jana samaki wa nazi, nilimtafutia nazi mpaka mjini. Kala, kichwa kaacha. Mtu wa ziwani anaacha kichwa cha sato! Amekaa uani anaitazama ile ndege bila kuigusa. Nane Nane inakuja, na yeye kasema haondoi neno lake hata ikiwa inapinda. Kasema ataishika kwa nguvu. Nikamwuliza, "Utaishika na nini?" Akasema, "Na hasira."

Sasa wewe kaa na siri yako ukitaka.

Wilhelmina


Arusha
14 Julai 1995

Shikamoo shemeji,

Umenikamata. Sina la kujitetea.

Ulipoandika kwamba gurudumu la kushoto linaunguza nikajua. Breki ya kushoto inashikwa kidogo wakati anakimbia, na ndege inageukia upande unaoshikwa. Uani haishikwi. Kwa hiyo breki ni nzima. Kuna kitu kinachoishika akiwa uwanjani tu.

Nilinyamaza kwa sababu hii. Katika kazi yangu nimeshatumwa mara mbili porini kukusanya ndege zilizoanguka. Tunabeba vipande kwenye pikapu. Moja ilikuwa ya kutengeneza nyumbani, ya mzungu mmoja mkulima, injini kama hiyohiyo ya kaka. Nilikuwa namfahamu yule mzee, alikuwa anakuja kwetu kuomba misumari na gundi. Basi nilipopata barua yako nikasema moyoni: ndege isiyonyooka hairuki. Acha ipinde. Acha wamcheke. Akiendelea kuingia kwa Teodora kila wiki, kaka yangu atazeeka.

Sasa unasema atairusha hata ikipinda. Hiyo ni mbaya kuliko zote. Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu kile ulichokiona kwa macho yako, si cha kusikia: akikaa uani kwenye kile kiti, miguu yake ikoje? Visigino viko wapi, vidole viko wapi? Halafu nenda uwanjani siku atakayokimbiza, uangalie tena miguu. Miguu tu.

Wako,
Venant


Buswelu
21 Julai 1995

Shemeji (nimekurudishia jina lako),

Nimesoma barua yako nyuma ya kanisa, nimeisoma tena, nimeichana vipande nikavitupa chooni. Yale ya pikapu sikuyapenda lakini nimeyaelewa.

Miguu nimeiona. Kumbe nilikuwa naiona kila siku bila kuitazama!

Uani anapanda pekupeku. Anavua katambuga zake za tairi, anazipanga pembeni ya gurudumu kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu. Nikamwuliza, "Mbona unavua?" Akasema, "Humu ndani nimefagia, nimepaka rangi. Mtu haingii na matope." Visigino viko chini sakafuni, na nyayo zinagusa pedeli hapa chini. Vidole havifiki juu. Akitaka breki ananyanyua mguu kidogo, ndiyo vidole vinafika. Vidole vyake unavijua, vifupi kama vya baba yenu.

Sasa uwanjani! Uwanjani, mwenzangu, anavaa buti. Nilisimama karibu mpaka akanifukuza. Alizinunua kwenye mnada wa mitumba kwa ajili ya hii ndege tu, maana anasema rubani hapandi pekupeku mbele ya watu, watasema ni mchunga mbuzi kapanda ndege. Buti nyeusi za kijeshi, nzito, mpaka huku kwenye ugoko. Anazivaa uwanjani, akimaliza anavua, anazifuta, anazifungia ndani ya sanduku. Ndiyo maana uani hazionekani.

Na nikaona kitu kingine. Zile buti si pacha! Nilizichukua jana nikisingizia kuzianika, nikazitazama chini. Ya kulia imeandikwa tisa, ya kushoto kumi na moja. Nikamwuliza. Akashusha sauti kama anaungama kwa padri: "Zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba, nikajua nyumbani. Usimwambie mtu." Ya kushoto ameijaza matambara puani ili isimchezee. Kumbe ndiyo maana akitembea uwanjani ana mwendo ule wa bata, na watu wanadhani ni maringo ya urubani.

Hivyo ndivyo nilivyoona. Ni hilo? Mimi nimekaa hapa nasikia mwili unanisisimka kama nimekaribia kufungua mfuniko wa chungu. Niambie ni hilo.

Wilhelmina


Arusha
28 Julai 1995
Kwa mkono wa dereva wa basi

Shikamoo shemeji,

Ni hilo. Hakuna fundi hapa kazini ambaye angelipata kwa barua. Wewe umelipata.

Mweleze hivi. Pedeli moja ina kazi mbili. Sehemu ya chini inasukuma usukani wa mkia. Sehemu ya juu, ikilazwa na vidole, inashika breki. Kaka amezipima kwa mguu mtupu, zikamkaa vizuri. Akivaa buti, pua ya buti inapanda mpaka kwenye breki. Ya kulia inafika mpakani, haikanyagi. Ya kushoto ni ndefu, tena imejazwa matambara, haina hata hisia. Kila akikimbia anaibana breki ya kushoto bila kujua. Na ndege ikianza kupinda anakaza miguu yote miwili kwa hofu, inazidi.

Asitupe buti tu akaona amemaliza. Kesho atavaa viatu vingine, au atapanda mtu mwenye mguu mwingine. Atengeneze pedeli. Kila breki inashikwa na kifimbo cha chuma chenye nati. Azungushe ile nati mpaka uso wa juu wa pedeli ulale mbele, mbali na vidole, ili mtu asiiguse breki mpaka anyanyue mguu kwa kutaka. Halafu aikanyage mpaka mwisho, aone inashika sawasawa kabla haijagonga ukuta wa mbele. Na sakafuni apigilie kibao cha kuzuia visigino visiteleze.

Akifanya hivyo itanyooka.

Shemeji, ikinyooka ataruka. Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa kuanzia tarehe kumi na moja, nitafika Mwanza tarehe kumi na mbili. Nane Nane itakuwa imepita. Nimewabembeleza, wamekataa. Ile ndege ina nati nyingi kuliko hizo za pedeli, na hakuna jicho la pili lililozitazama. Nataka nizitazame mimi.

Kama utamwambia hili au utalikalia, naliacha mikononi mwako. Mimi nimeshalikalia, na sikulala vizuri.

Venant


Buswelu
7 Agosti 1995

Shemeji Venant,

Kaa chini kama umesimama.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, nikakaa nayo kwenye kanga. Nikawaza, nikilikalia, ataruka inapinda. Nikimwambia, itanyooka, ataruka vizuri, na nati nyingine hazijatazamwa. Kote ni kuruka! Nikauza dagaa siku hiyo bila kumsengenya mtu, mpaka wateja wakaniuliza kama naumwa.

Ijumaa usiku nikashindwa. Nikamwambia, "Baba Rebeka, ni buti." Akasema, "Buti gani?" Nikamweleza, pua, vidole, matambara. Akacheka! Akasema, "Hao wanaume wa kwenye dagaa wamerudi?" Nikasema, "Hakuna wanaume. Ni Venant."

Mimi nikaendelea, maana nikianza huwa siwezi kuacha: tumeandikiana tangu mwezi wa tano, sanduku la parokia, gurudumu la moto, yote. Hata ile ya wewe kunificha nikaisema. Nikasema, "Alitaka ipinde ili uwe hai." Akainuka, akatoka nje. Nikajua sasa kumekucha, naenda kulala kwa Rebeka Mkolani.

Asubuhi nikamkuta ndani ya ndege amelala chali, kichwa kiko kwenye pedeli, miguu imetoka nje. Ana spana. Hakunitazama. Akasema, "Lete zile buti." Nikaleta. Akavaa hapohapo uani, na matope yake, akapanda. Akaniambia, "Zungusha la kushoto." Nikazungusha. Shemeji! Likawa zito! Likazunguka kidogo, likasimama kama limekabwa. Akaingiza mkono chini akaipapasa ile pua ya buti, akaipapasa tena, kisha akaisalimia polepole kwa Kisukuma, "Mwangaluka, shetani." Akaanza kuzungusha nati. Tulifanya hivyo mpaka jua likawa kichwani, yeye anazungusha kidogo, mimi nazungusha gurudumu, mpaka likawa laini akiwa na buti, laini akiwa pekupeku, na akinyanyua mguu linakamata. Kibao cha visigino kakata kwenye mlango wa banda la kuku. Kuku nao wajitegemee.

Jana baada ya misa tukaipeleka uwanjani. Watu walijipanga wenyewe kuelekea kwa Teodora, wakijua ndiko kwenye sinema. Injini ikalia. Ikaanza kukimbia. Mimi nikafumba macho, nikasikia watu wamenyamaza, nikajua imeshapinda. Nikafumbua. Inakwenda, shemeji! Inakwenda kama uzi uliovutwa! Ikapita miti, ikapita ng'ombe, ikafika mwisho kabisa wa malisho kwenye mawe, ikageuka yenyewe kwa adabu, ikarudi. Teodora akapiga kelele kutoka mlangoni kwake, "Leo umenikosa, mzee!" Watu wakaanguka kwa kucheka, lakini kile kicheko kilikuwa kingine. Kilikuwa cha kumpenda.

Kaka yako akashuka. Uso wake ule, ungeuona. Kama siku ile ananioa. Akanikuta nalia.

"Unalia nini? Imenyooka."

"Ndiyo maana nalia."

"Hujambo kweli wewe?"

Nikamwambia, "Ilipokuwa inapinda, ulikuwa unarudi nyumbani kila siku. Tena na nguo za watu. Sasa imenyooka, inakupeleka wapi?"

Akasema, "Mama Rebeka, nimewatangazia watu. Nane Nane ni keshokutwa."

"Venant anafika tarehe kumi na mbili. Anataka azitazame nati."

"Watu wanasubiri."

"Watu hawa? Hawa waliokuwa wanasubiri kwa Teodora?"

Akageuka akachukua spana, akaenda mbele ya ndege. Nikasema basi, anakaza, keshokutwa naitwa mjane wa pili wa Buswelu. Watu wakasogea. Anafungua nati, anaiweka mfukoni. Anafungua nyingine. Mzee Nkwabi akamwuliza, "Antoni, kuna kosa?" Akasema, "Hakuna." Akalichomoa lile pangaboi la mbele, zima, akalibeba begani, akakatiza katikati ya watu wote wale, na buti zake zisizo pacha, bata bata bata mpaka nyumbani. Mimi nyuma yake.

Kalisukuma uvunguni mwa kitanda chetu. Ni refu kuliko kitanda, limetokeza huku na huku, usiku nimejigonga ugoko. Nati kanipa mimi, ninazo hapa kwenye pindo la kanga. Akasema, "Mwandikie huyo mtu wako. Mwambie ndege haina pangaboi. Aje aitazame yote, kisha alifunge kwa mkono wake. Akikataa kulifunga, nitamsikiliza."

Nikasema, "Na Nane Nane?" Akasema, "Nitawaambia nasubiri fundi." Nikamwambia watamcheka. Akasema, "Wacheke. Wameiona imenyooka."

Jana usiku kala kichwa cha samaki, kanyonya mpaka macho.

Kwa hiyo njoo, usichelewe basi, na uje na spana zako nzuri, maana hizi za hapa zimekula nati. Na usiseme neno la kununua ugomvi ukifika, ingia, kula kwanza. Dereva wa basi ananisubiri na hii barua lakini ngoja nikumalizie kidogo ya Teodora, maana kuna jambo jana sikuamini macho yangu. Wakati watu wote wametazama pangaboi, mimi nimetazama mlango wake, nikaona mtu anatoka kwa nyuma, mwanamume, kofia kaivuta mpaka kwenye pua, na baiskeli ambayo naijua kabisa ni ya

Ananiita. "Mama Rebeka! Acha kuandika, njoo upande humu!" Eti anataka kupima kama pedeli zinafika kwa mtu mwenye miguu mifupi. Mimi! Nikae kwenye kile kiti! Namwuliza kupitia dirishani kwa nini mimi, anasema sasa nani mwingine atakaa. Anaita tena, naenda. Ya baiskeli nitakumalizia ukifika.